Wizara ya Jua na Betri Nne za Bi Sikudhani

Kuna nchi moja ambayo jua lake lina wizara. Usijisumbue kuitafuta. Majirani zake wote wanakana kupakana nayo, na yenyewe haina neno, inasema imezungukwa na wivu. Mimi naisimulia kama nilivyoisikia, bila nia mbaya kwa mtu yeyote mwenye bendera kwenye gari.

Wizara yenyewe ilizaliwa hivi. Wafadhili walikuja na mradi wa kuiokoa nchi na betri za kutupa, zile zinazotumika mara moja halafu zinavuja uchafu wao mashambani na visimani. Wakaeleza kwa picha za rangi kwamba betri ya kuchaji ni ghali siku ya kuinunua, lakini unairudisha kwenye chaja mara mamia na inaamka kila mara. Serikali ikakubali kwa makofi. Wageni walipoondoka ndipo mtu mmoja akauliza chaja inachomekwa wapi. Umeme wa nchi ile ulikuwa wa kuzinduliwa tu. Nguzo zilikuwa zimezinduliwa, nyaya zimezinduliwa, na swichi kuu aliizindua Waziri Mkuu mwenyewe. Aliibonyeza, kwaya ikaimba, giza likaendelea.

Wataalamu walikesha wakijikuna vichwa mpaka mmoja wao alipokumbuka kwao kijijini. Kwao, kama kwa kila mtu, betri za redio zikichoka hazitupwi siku ile ile. Zinatolewa, zinang'atwa kidogo ubavuni, zinapangwa juu ya bati zipigwe jua, na jioni redio inasema tena, kwa sauti ya mgonjwa, angalau taarifa ya habari na matangazo ya vifo.

"Mheshimiwa," mtaalamu akamwambia Waziri wa umeme, "wananchi wetu wanachaji kwa jua tangu enzi za mababu. Hatuna betri ya kutupa hata moja."

Waziri alimkumbatia mbele ya dereva. Sheria ikatoka upesi kuliko sheria nyingine yoyote: betri yoyote iliyomo nchini ni ya kuchaji, kuingiza mpya ni uhujumu, kutupa ya zamani ni uhujumu mkubwa zaidi, na kusema hadharani kwamba betri imekwisha ni uchochezi. Kila nyumba ianike, na Waziri yule akapewa Wizara mpya ya Jua kuisimamia kazi hiyo. Kila wilaya ikapewa Afisa Mwaniko mwenye pikipiki na filimbi. Na siku za mawingu, Wizara ilitoa tamko la kuyalaani.

*

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sikudhani, mwanamke ambaye hata kwenye msiba hukaa upande mmoja wa mkeka kama anayetaka kuinuka. Siku hizo alikuwa hakai kabisa. Bintiye, Havijawa, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba iliyotangulia ilikuwa imepotea kwa kifafa cha mimba, nusura imchukue na mwenyewe. Mume wa Havijawa alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kabla ya kuondoka aliwaachia mashine ndogo ya kupimia presha, ile ya kufunga mkanda mkononi na kubonyeza kitufe.

Nesi Apaisaria wa hospitali ya wilaya aliwaeleza vizuri. Wapime asubuhi na jioni. "Namba ya juu ikivuka mia na hamsini, msioge, msipike, njooni. Lakini mje na namba. Wizara imeagiza mgonjwa afike na vipimo vyake. Asiye na namba tunaambiwa tumrudishe, na mimi hapa nina watoto."

Mashine ilitaka betri nne ndogo, zile za rimoti. Zilizokuwamo zilichoka. Sikudhani akazianika. Akaazima nyingine kwenye saa ya ukutani, nyingine kwenye redio ya msikiti kwa ruhusa ya imamu, zote akazianika. Jioni alizirudisha kwenye mashine, na kioo kikawaka vizuri sana, masifuri yakajipanga kwa heshima. Alipobonyeza, pampu ilivuta pumzi moja, mkanda ukajaa nusu, halafu kimya. Kioo nacho kikazimika. Betri zile zingeizungusha saa mwezi mzima bila kulalamika. Kazi ya kubana mkono wa mtu ziliishindwa.

"Labda presha yangu imeogopa," Havijawa akasema akijaribu kucheka. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kidogo cha jana au kidogo kingine?"

Havijawa akafunika macho kwa kiganja. Sikudhani akajifunga khanga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri, akatoka kwenda kwa jirani.

Jirani yake, Mama Ndimbo, alikuwa amepata betri za kuchaji zenyewe, za kweli, kutoka kwa wafadhili, pamoja na chaja yake. Chaja ilikuwa imechomekwa ukutani tangu siku aliyoipata. Kulikuwa na kitaa kidogo kilichotakiwa kuwaka chekundu umeme ukija, na Mama Ndimbo alikuwa amesogeza kiti mbele yake, anapembua mchele pale pale, asije akakikosa.

"Bado?" Sikudhani akauliza mlangoni.

"Bado. Lakini juzi niliona kama kinataka."

"Nisaidie hizo betri, mwenzangu. Havijawa hali si nzuri."

Mama Ndimbo alizichomoa bila kusita, akampa zote nne. Zilikuwa nzito, nzuri, zimeandikwa kwamba zinachajika mara elfu moja. "Chukua. Ila ni tupu tangu zizaliwe," akasema kwa uchungu. Sikudhani alizitazama kiganjani, akazirudisha, na wanawake wale wawili wakasimama pale wakiitazama chaja.

*

Kulipokucha alirudi juu ya paa. Kuanzia asubuhi ile hakushuka ila kwa kumpa Havijawa maji. Alizisogeza betri kivuli cha mnazi kilipozifikia, akazigeuza kama anayegeuza maandazi, akazipangusa vumbi kwa pindo la khanga, akazipanga ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, akazing'ata zilizokuwa bado hazina alama za meno. Alikuwa anafanya hivyo kwa sababu mikono yake ilikataa kutulia na hapakuwa na kitu kingine cha kuipa.

Bwana Lupatu, Afisa Mwaniko wa wilaya, alipita na pikipiki yake, akaona, akafunga breki. Katika kazi yake yote alikuwa ameona mapaa ya wazembe: betri mbili tatu zimetupwa tu, nyingine zimelaliwa na paka. Hapa palikuwa na mistari. Akatoa kofia.

"Mama! Huu ndio uzalendo! Nani amekufundisha?"

"Wasiwasi, baba."

"Safi sana," akasema Lupatu, akidhani ni jina la semina. "Kesho Mheshimiwa Waziri anakuja na mgeni wa wafadhili kwa ajili ya Ulinganisho wa Kitaifa. Betri ya mzungu ya chaja na betri yetu ya jua, tochi kwa tochi, mbele ya umma. Nilikuwa natafuta Mwanikaji Bora wa wilaya. Nimekupata."

Sikudhani akashuka ngazi haraka mpaka akaruka kipandio kimoja. "Baba, mimi sitaki ubora. Mwanangu ni mjamzito, presha inampanda na siwezi kuijua imefika wapi. Nisaidie betri nne tu zilizo nzima."

Lupatu akatazama kushoto na kulia. Filimbi ilikuwa inaning'inia karibu na mdomo wake. "Nzima? Mama, unataka kusema hizi za juu si nzima?"

"Sijasema."

"Basi usiseme. Njoo kesho. Waziri akipendezwa na wewe, ukiomba utapewa."

"Nitapewa betri?"

"Utapewa nafasi ya kuomba," akasema Lupatu, akavaa kofia na kuondoka kwa kishindo.

*

Kesho yake asubuhi Havijawa alisema anaona vimulimuli. Sikudhani alimwachia Mama Ndimbo, ambaye kwa mara ya kwanza alikubali kuiacha chaja yake peke yake, kisha akaenda uwanjani mbiombio, betri zake nne zilizoiva kwa jua zimefumbatwa mkononi.

Jukwaa lilipambwa kwa majani ya mnazi na picha ya jua lenye tai. Waziri alikuwepo, mgeni wa wafadhili alikuwepo na kamera yake, na umma ulikuwepo kwa sababu maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa amri. Kwenye meza kulikuwa na tochi mbili. Ya kwanza iliwekwa betri za kuchaji za wafadhili. Zilikuwa zimechomekwa usiku kucha kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa wilaya, ofisi ambayo soketi zake, kama mkuu wa wilaya mwenyewe alivyoeleza baadaye, zilikuwa za urembo. Ya pili ilisubiri betri za Sikudhani.

Lupatu alizipokea kwa mikono miwili mbele ya kamera. Halafu akazipeleka kwenye gari la Waziri "zikahakikiwe". Sikudhani alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, hatulii, anasimamia mguu huu halafu ule, na kutoka pale aliliona gari vizuri. Aliona dereva akifungua pakiti mpya, ile ya karatasi ngumu yenye plastiki mbele. Aliziona betri zake zikitupwa mtaroni, zote nne, uhujumu mkubwa zaidi, na Afisa Mwaniko amesimama pale pale akifunga tochi.

Hakukasirika. Hasira ilikuwa anasa, angeipata siku nyingine. Alichokuwa anakiona ni tochi ile tu.

Waziri akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wenzetu huko ng'ambo wanachaji kwa umeme. Umeme unatoka wapi? Kwenye bwawa. Bwawa linatoka wapi? Kwenye mvua. Mvua inatoka wapi? Inaletwa na jua! Sasa sisi tumekwenda moja kwa moja kwa mwenye mali. Nani ameendelea?"

"Sisi!" umma ukajibu.

"Ya kutupa, tumeitupa! Ya kuchaji, wachaji wao! Ya kwetu ni ya kuanika, na haina mwisho, kama serikali yenu isivyo na mwisho!"

Makofi. Tochi zikawashwa. Ya wafadhili ilitoa mwanga wa njano kama mtu aliyeamshwa usingizini, ikazima. Ya pili iliwaka mwanga mweupe mkali, mchana ule kweupe, hata watoto waliokaa mbele wakafumba macho. Waziri akaendelea kuhutubia kuhusu mababu, kuhusu vijana, kuhusu mawingu na wanaoyatuma. Tochi haikufifia. Mgeni wa wafadhili alipiga picha kutoka kila upande, akasema kwa furaha kwamba angependa kuliona jambo hili tena, alasiri hiyo hiyo, katika wilaya inayofuata. Lupatu akatabasamu kwa meno yote, ila macho yake yakaenda kwenye gari. Ile ilikuwa pakiti ya mwisho. Nyingine ilikuwa ndani ya kipaza sauti cha Waziri, na hiyo hakuna wa kuigusa.

"Mwanikaji Bora apande!"

Sikudhani akapanda. Waziri akamkabidhi tochi ile ile, ikiwa inawaka, kama tuzo yake. Kamera zikapiga.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nchi ile. Tuzo za serikali hutolewa mbele ya jukwaa na kurudishwa nyuma ya jukwaa. Ng'ombe hutolewa mbele, akarudishwa nyuma. Cherehani hivyo hivyo. Kuna baiskeli moja iliyowahi kupewa walimu bora wa mikoa yote na bado ina karatasi za dukani kwenye usukani. Kila mtu anajua. Mshindi anashukuru, anazunguka kwa ngazi za nyuma, anamkuta afisa amenyoosha mkono.

Lupatu alikuwa tayari kule nyuma, mkono ameunyoosha.

"Asante, Mheshimiwa," Sikudhani akasema kwenye kipaza sauti. "Nimeambiwa ukipendezwa naweza kuomba."

"Omba, mama yangu!"

"Naomba kwenda nyumbani."

Waziri akacheka, umma ukacheka, mgeni akatafsiriwa, naye akacheka. Na Sikudhani, badala ya kuzunguka nyuma, akakaa ukingoni mwa jukwaa, akateremsha miguu, akaruka chini kwa mbele, katikati ya watu. Alipita kwenye umati na tochi yake kifuani, na umma, uliokuwa haujawahi kuona tuzo ikitoka uwanjani, ukampisha. Lupatu alitia filimbi mdomoni, akaitoa. Huwezi kumpulizia filimbi Mwanikaji Bora mbele ya mfadhili.

*

Nyumbani Sikudhani alizitoa betri kwenye tochi, akazitia kwenye mashine. Mama Ndimbo alifunga mkanda. Pampu ilivuma, ikavuma, ikaendelea kuvuma, ikabana mkono wa Havijawa mpaka akakunja uso. Namba zikashuka zikitafuta pa kutua.

Mia na sitini na nane, kwa mia na kumi na mbili.

Sikudhani alikuwa ameshatoka njiani kumsimamisha wa bodaboda. Walimpakia Havijawa katikati, mamaye nyuma amemkumbatia, mashine imefungwa ndani ya khanga, na njia nzima Sikudhani alikuwa anaongea, anaongea ovyo, kuhusu majina ya watoto, kuhusu bei ya dagaa, chochote, ili asikie bintiye akiitikia.

Nesi Apaisaria aliwapokea mlangoni. Hakuuliza kadi. "Namba?"

Sikudhani akaitaja.

"Mashine yenu mmekuja nayo? Ina betri?" Alipoiona ikiwaka na kuvuma, alifumba macho kidogo. "Leteni humu haraka. Za kwetu ni hizi hapa," akaonyesha dirishani kwa kidevu. Kwenye kizingiti cha dirisha la wodi, betri za hospitali zilikuwa zimepangwa juani, za kila umbo, zina meno ya madaktari.

Havijawa akachomwa sindano, akawekewa dripu. Daktari akasema anatakiwa kupimwa kila baada ya robo saa, na presha ikiteremka kidogo watamtoa mtoto. Isipoteremka, akasema, na hakumalizia. Sikudhani akatolewa nje ya pazia. Akatembea kutoka ukuta huu mpaka ule, akarudi.

Huko koridoni ndiko Bwana Lupatu alikomkuta, amejaa vumbi la pikipiki, jasho linamtiririka.

"Mama, tochi."

Sikudhani akamnyooshea. Lupatu akaipokea, akaipima uzito, akaifungua. "Betri ziko wapi?"

"Zinafanya kazi." Ndani ya pazia mashine ikaanza kuvuma. Wote wawili waliisikia.

"Mama, nitafukuzwa kazi. Waziri yuko njiani na mgeni kwenda wilaya ya pili, wanataka ulinganisho upya. Nipe zile betri."

Sikudhani akaenda dirishani. Akachagua nne ndogo, zenye joto la jua, akazipangusa, akamletea kiganjani.

"Hizi hapa."

"Sitaki hizi. Nataka zile."

"Zile zipi, baba?"

"Mama, wewe unajua."

"Mimi sijui kitu, mimi mwanikaji tu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini hakurudi nyuma. "Zile zilikuwa za juani, Waziri kasema, nchi nzima imesikia. Hizi nazo za juani, tena za serikali. Niambie tofauti yake. Sema kwa sauti, na nesi naye asikie."

Nesi Apaisaria alikuwa ametoa kichwa nje ya pazia. Wajawazito waliokuwa kwenye benchi nao waligeuka, wote, mikono juu ya matumbo. Lupatu akafungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, na adhabu yake aliijua vizuri kuliko wote mle ndani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiitoa.

Akaufunga mdomo. Akachukua betri nne, akazitia kwenye tochi moja moja, akabonyeza. Ikawaka. Uso ukamchanua kwa ahueni, halafu ahueni ikamtoka, kwani alikuwa mtu wa kazi hiyo na alijua betri ya juani ikizimwa haina hakika ya kuamka. Hakuthubutu kuizima. Akatoka koridoni akikimbia, tochi inawaka mchana kweupe, akapanda pikipiki na kuondoka akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameukinga mwanga kama ungeweza kupeperuka.

"Wilaya ya pili ni mbali?" akauliza mmoja wa wajawazito.

"Mbali," akasema nesi, akarudi ndani.

Sikudhani akabaki pale pale, sikio kwenye pazia. Pampu ilinyamaza. Akasubiri, vidole vimeng'ang'ania kitambaa.

"Mia na hamsini na tano," nesi akasema kutoka ndani. "Inashuka, mama. Kaa sasa."

Akakaa. Akainuka. Kulikuwa na robo saa nyingine mbele, na betri zilikuwa bado na nguvu.